Bi Rukia na Betri Iliyofunikwa Blanketi

Rukia binti Idrisa bin Halfani. Babu yake, Halfani, ndiye aliyepanda kutoka Kilwa na marobota ya kaniki, akafika Iringa miguu imevimba, akasema hashuki tena, na kweli hakushuka. Baba yake, Idrisa, aliendesha lori, na ndiye yule aliyeteremka mlima Kitonga breki zimekatika, amebeba viazi vya watu, akafika chini na lori zima na viazi vyote isipokuwa debe moja, ambalo hadi anaingia kaburini alisisitiza kwamba liliibwa, halikumwagika. Rukia mwenyewe alimaliza darasa la saba, lile la zamani, ambalo mtoto alitoka akijua kugawanya na kuandika barua ya maombi bila kuuliza mtu. Akaenda Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, mashine zikiwa bado zinanukia rangi.

Alianza kwa kufagia. Akahamishiwa stoo ya vifaa. Kutoka stoo akawa anawabebea mafundi umeme mita yao, kile chombo cha kupimia chenye mshale na nyaya mbili, mwekundu na mweusi; na kwa kuwa mafundi wale walipenda sana kubishana, akawa anapima wakati wao wanabishana. Baada ya miaka michache, kitu kikizimika, hawakutuma mtu kumwita mhandisi. Waliuliza Rukia yuko zamu gani. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na siku anastaafu wenzake walimletea saa ya ukutani. Akaitazama, akashukuru, akasema huko Kilolo anakokwenda kulima njegere kuna majogoo ya kutosha, wampe mita. Wakampa, pamoja na barua yenye mhuri ili walinzi wa getini wasimzuie. Barua hiyo aliikunja akaitia ndani ya mkoba wa mita, na yeyote aliyetia shaka ujuzi wake alipewa aisome.

Asmaa, wifi yake, alikuwa ameisoma mara nne.

Asmaa aliolewa na Nasri, mdogo wake Rukia wa mwisho, karani mstaafu, nyumba yao Mshindo, Iringa mjini. Nasri hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuboresha vitu. Mlango wa choo aliuboresha, ukawa haufunguki kwa ndani. Jiko la mkaa aliliboresha, Asmaa akamlipa jirani fidia. Lakini kilichomtoa Asmaa machozi ni betri ya gari.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, la siku nyingi, na lilikuwa halijawahi kuwaaibisha. Kisha ikaingia Juni, na baridi ya Iringa mnaijua, ile ya kumfanya mtu aoge kwa kukumbuka. Asubuhi moja Nasri akawasha, gari likaguna likanyamaza. Majirani wakasukuma. Mchana likazunguka vizuri tu, jioni likalala, asubuhi likaguna tena. Anania, mchomeleaji wa mageti aliye ng'ambo ya barabara, akatoa hukumu: ni baridi, betri imepigwa na baridi. Basi jioni hiyo Nasri akaifungua betri, akaiingiza sebuleni, akaiweka juu ya ubao karibu na jiko, akaifunika blanketi. Asubuhi akairudisha garini. Gari likawaka mara moja.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu dawa ilifanya kazi.

Nasri, kwa kuwa ni karani, hakuamini siku moja. Alinunua daftari. Betri ikilala ndani, gari linawaka. Ikilala nje, gari haliwaki. Alirudia wiki tatu, kila siku na tarehe yake na saini yake chini, kana kwamba kuna mtu atakayekuja kukagua. Mtaa ukaamini. Ilipofika Julai kulikuwa na betri nne Mshindo zinazolala ndani ya nyumba, na moja, ya dereva wa bodaboda, ilivalishwa kofia ya mtoto mchanga. Wageni wakija kwa Asmaa walikaa kwenye mkeka, kwa sababu kona ya joto ilikuwa na mwenyewe. Tindikali ikatoboa blanketi la sufu ambalo Asmaa alinunuliwa na mama yake alipomzaa binti yake, Yasmini. Asmaa akalitazama lile tundu, akavumilia.

Alivumilia hadi Yasmini alipopata mchumba.

Mchumba alikuwa kijana wa Mbeya, mtoto wa Mzee Kamrudin na Bi Kaniz, wenye duka la vitambaa, watu wa heshima, wenye kabati la vioo. Nikahi ingekuwa Ijumaa, Iringa, nyumbani kwa Asmaa. Jumamosi wangempeleka bibi harusi Mbeya na kulala siku mbili kwa wakwe. Jumatatu ya wiki hiyo Asmaa akamuuliza mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, betri itakuwaje huko Mbeya, ambako baridi ni ileile au zaidi. Nasri akamwambia asihangaike, ameshalimaliza jambo hilo. Amempigia simu Mzee Kamrudin.

Asmaa akauliza amemwambia nini.

Ikajulikana kwamba Nasri aliona haya kutaja betri. Alisema tu kuwa katika msafara wao kuna mmoja anayesumbuliwa sana na baridi, hawezi kulala pasipo na joto. Bi Kaniz, mwanamke mwenye huruma, akaichukua simu mkononi mwa mumewe. Akauliza ni mzee au kijana. Nasri akajibu ni wa makamo. Akauliza kama anatembea. Nasri akasema hapana, huwa anabebwa. Anakula nini? Hali kitu. Bi Kaniz akasikitika sana, akasema atamwandalia chumba cha chini, kitanda cha sponji nene, na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni.

Asmaa akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Alikuwa anayaona yote: mume wake akivuka kizingiti cha wakwe akiwa amepakata betri kama mzazi wa siku saba, akiilaza kwenye shuka alizotandika Bi Kaniz kwa mikono yake. Na mwanawe angeishi na hadithi hiyo katika nyumba ile hadi apate wajukuu.

Akampigia Rukia huko Kilolo. Alisema maneno machache: "Wifi, njoo na mita yako. Ijumaa ni karibu na mimi sina pa kuuweka uso."

Jumatano Rukia alishuka basini na mkoba begani. Alhamisi asubuhi alikuwa amesimama mbele ya gari, boneti iko wazi, na nusu ya mtaa imekuja kumsikiliza Nasri akishinda. Anania alikuwa mstari wa mbele. Alisalimia vizuri, "Kamwene, mama," lakini alikuwa na uso wa mtu aliyekwishapata ushahidi wake.

Rukia alisema baridi hupunguza nguvu ya betri, ni kweli, lakini haiimalizi. Mgololo alikofanyia kazi, asubuhi nyasi huwa nyeupe, na magari ya kiwanda yalilala nje kama ng'ombe na yakawaka. Akasema kuna kitu humu ndani ya gari kinakula umeme watu wakiwa wamelala. Nasri hakubishana. Alimpa daftari.

Rukia alivaa miwani akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari, watu wakisubiri. Alipomaliza alisifu mwandiko. Kisha akasema, "Umeandika yote, mdogo wangu, ila moja hukuandika. Ukiipeleka sebuleni, umeitoa kwenye gari. Sasa hicho kinachoinyonya kitainyonyea wapi? Ungeilaza juu ya bati bila blanketi, asubuhi ingewaka vilevile."

Anania akasema maneno ni maneno, tuone kipimo.

Rukia akafunga milango yote ya gari, akatoa ufunguo na kuuweka juu ya bodi. Kwa spana namba kumi akalegeza waya wa upande wa hasi, akauchomoa kwenye betri. Akachomeka waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea kumi, tundu la mikondo mikubwa, akamkabidhi Asmaa aushikilie ule mwekundu kwenye waya wa gari, na mweusi kwenye kichwa cha betri. Alieleza, bila kuulizwa, kwamba sasa umeme wote unaotoka lazima upite ndani ya mita, kama watu wa mpira wakitoka uwanjani kwa mlango mmoja, nasi tuko mlangoni tunahesabu. Gari lililozimwa linatakiwa linywe kidogo sana, hata sehemu ya kumi ya ampea moja isifike.

Mshale ukanyanyuka ukasimama kwenye moja na nusu na ushee. Karibu mbili.

"Hilo halinywi," Rukia akasema. "Hilo linaoga."

Watu wakaanza kusogea upande wake, na ndipo Nasri alipoamua kusaidia. Aliona ni vizuri wajue pia kama betri yenyewe ni nzima. Alichukua ufunguo, akaingia kwa upande wa pili, akawasha.

Mshale ulirukia mwisho, ukagonga, ndani ya mita kikasikika kitu kidogo kama punje ya bisi, kisha mshale ukarudi sifuri ukalala. Asmaa aliendelea kushika nyaya kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Stata ya gari, Rukia alieleza baadaye kwa wale waliotaka kujua, huvuta umeme mara kumi na zaidi ya unaoweza kupita kwenye koo la mita. Fyuzi ya mita ilikuwa imekatika. Lakini wakati ule hakueleza chochote. Aliomba kiti, na Asmaa akaogopa, kwa kuwa hajawahi kumwona wifi yake akiomba kiti.

"Mama," Anania akasema taratibu, "mita hiyo si ya kiwanda cha karatasi? Pengine inatafuta karatasi."

Watu wakacheka hadi wengine wakashika ukuta. Rukia akanyanyuka kitini. Alikwenda kwa miguu hadi duka la spea la Parth, kule mjini, naye Parth akamwambia kwa adabu kwamba fyuzi za kioo za aina ile ziliisha enzi za babu yake, anunue tu mita mpya. Rukia akampa barua. Parth akaisoma yote, na mhuri pia, akaenda nyuma, akarudi na droo ya babu yake yenyewe, vumbi juu, na ndani yake zilikuwemo tatu.

Aliporudi ilikuwa baada ya sala ya alasiri, na watu walikuwa wameongezeka. Asmaa alikuwa ameshaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili.

Safari hii kazi ilikuwa kuchomoa fyuzi za gari moja moja, na kutazama ni ipi ikitoka mshale unaanguka. Boksi la fyuzi lilikuwa chini ya usukani, kwa hiyo mlango wa dereva lazima uwe wazi, na ulipofunguliwa tu taa ya juu ikawaka na mshale ukapanda. Anania akakohoa. Rukia akachukua bisibisi akakikandamiza kile kitufe cha pembeni ya mlango, akakibana na kipande cha mpira, gari likadhani mlango umefungwa. Taa ikazimika, mshale ukarudi palepale.

Akaanza. Asmaa alisimama mbele ya boneti, macho kwenye mshale. Fyuzi ya honi. "Palepale," akasema Asmaa. Ya wipa. Palepale. Ya redio, ambayo wote walikuwa wakiishuku kwa kuwa ni ya Nasri. Palepale. Ya tano, ya sita, ya saba, mkono wa Asmaa umekufa ganzi, na moyoni anahesabu saa zilizobaki hadi nikahi na maili zilizobaki hadi kitanda cha Bi Kaniz. Ya nane palepale.

Ya tisa. Asmaa akakodoa. Akatazama mara mbili ili asije akasema uongo.

"Wifi, mshale umelala."

Ilikuwa fyuzi ya taa za ndani. Lakini taa ya juu ilikuwa imezimwa, kila mtu alikuwa anaiona. Rukia akamgeukia mdogo wake, akamuuliza gari hili lina taa gani nyingine ya ndani. Nasri akafikiri, akasema ipo ya kwenye buti, lakini hiyo huzimika buti likifungwa.

"Umeiona ikizimika?"

"Nitaionaje, dada, na buti limefungwa?"

Rukia akairudisha fyuzi mahali pake. Akaurudisha waya wa hasi kwenye betri. Akafungua buti.

"Ingia," akasema.

Nasri alikuwa ametoka msikitini, yumo ndani ya kanzu. Alimtazama dada yake, akawatazama watu, akamtazama mkewe. Asmaa alikuwa anaangalia milima. Basi akaingia, magoti yakigusa kidevu, Anania mwenyewe akamsaidia kuingiza mguu uliobaki. Buti likafungwa.

Kisha sauti ikatoka kwa ndani, ya mbali na ya upole.

"Dada."

"Naam."

"Humu kunang'aa."

"Kunang'aa kiasi gani?"

"Ninaweza kusoma."

Hapo watu walicheka hadi wakakaa chini kabisa. Rukia akainama karibu na mfuniko, akaendelea kumhoji kama hakimu. Ikatoka kwamba ile taa ndogo ya kiwandani Nasri aliiona haitoshi, akaweka balbu kubwa ya taa ya breki. Kwa nini? Ili aone magunia ya mchele anayonunua Idodi. Na kwa nini haizimiki? Ikatoka kwamba vumbi la barabara ya Idodi lilikuwa linaingia kwenye mchele, kwa hiyo alibandika sponji ya godoro kuzunguka ukingo wote wa buti, na sponji ndiyo iliyozuia mfuniko kugusa kitufe cha taa, na ndiyo iliyoficha mwanga usionekane nje. Kazi safi. Aliifanya lini?

"Mwezi wa sita," likajibu buti. "Mwanzoni."

Anania akakumbuka ana geti la mtu linamsubiri. Rukia akasema basi, afunguliwe. Ufunguo ulikuwa kwenye kanga ya Asmaa, mafundo mawili, na Asmaa hakuwa na haraka.

Sponji wakaikata pale penye kitufe, balbu wakarudisha ndogo. Rukia akapima mara ya mwisho: mshale ulitikisika kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Usiku huo betri ililala garini, na Ijumaa asubuhi, umande umefunika kioo, gari likawaka mara moja. Nasri aliandika daftarini, akatia saini. Nikahi ikafungwa, Yasmini akalia kidogo na kula sana, na Jumamosi msafara ukaondoka. Mafinga, Makambako, Igawa, Asmaa, aliyekaa kiti cha nyuma na Rukia, anajiona mwepesi kama aliyeshusha kuni.

Walipokuwa wanashuka Uyole ndipo alipokumbuka kitanda.

Hakupata nafasi ya kusema neno. Bi Kaniz alikuwa tayari mlangoni, amembusu bibi harusi, amewakumbatia wageni, na sasa anachungulia ndani ya gari kwa macho ya huruma. "Yuko wapi mgonjwa wetu?" akauliza. "Vijana wamekaa tayari kumbeba." Vijana kweli walikuwa wamekaa tayari, wawili, na kiti cha plastiki.

Nasri akafungua kinywa. Asmaa alimjua mumewe miaka thelathini: alikuwa anataka kusema kweli, pamoja na tarehe zake.

Mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha mtu asiyezoea kukohoa, na kilitoka kwa Rukia binti Idrisa.

"Ni mimi, mama," akasema. Akakaa kwenye kiti cha plastiki.

Wakamwinua. Mwanamke ambaye Mgololo alivaa sweta siku za Jumapili tu, kwa heshima, akabebwa hadi chumba cha chini, akavuliwa viatu, akavikwa soksi mbili mbili, akafunikwa mablanketi matatu, chupa ya maji ya moto miguuni, na Bi Kaniz akamnywesha uji wa tangawizi kwa kijiko. Bi Kaniz alisema kwamba simu ilimfanya adhani hali ni mbaya zaidi. Rukia akajibu kwamba amepata nafuu njiani. Alipobaki na Asmaa peke yao alisema tu kwamba hadi Jumatatu si mbali. Asmaa akamshika mkono.

Jumapili asubuhi, siku ya karamu, masufuria ya biriani yalikuwa yamepangwa nyuma ya pikapu ya Mzee Kamrudin yapelekwe ukumbini. Mzee akawasha. Pikapu ikaguna. Akawasha tena, ikaguna kwa unyonge zaidi. Alishuka, akapapasa boneti, akasema wiki ya pili sasa, baridi hii ya Mbeya inaua betri, hivi ndani hakuna blanketi lolote la zamani? Nasri aliangalia viatu vyake.

Asmaa aliingia chumba cha chini mbio. Rukia alikuwa ameshakaa, soksi zake nne ziko sakafuni, sikio liko dirishani. Stata ilipoguna mara ya tatu alifumba macho kama mtu anayesikia mtoto akipigwa. Alishaanza kutafuta viatu viliko, mara koridoni zikasikika ndara za Bi Kaniz na bakuli likigonga kijiko.

Rukia akalitazama dirisha. Akautazama mlango. Akarudi chini ya mablanketi yote matatu, akavuta mkoba kutoka chini ya mto, akauweka mikononi mwa Asmaa.

Asmaa akanong'ona kwamba yeye alishika nyaya tu, hajui kitu.

"Umesoma mshale kutwa nzima hukukosea hata mara moja," Rukia akasema, sauti ya chini, kwa haraka. "Sikiliza. Milango ifungwe, na kitufe cha mlango wa dereva ukibane. Chomoa waya wa hasi; mwekundu kwenye waya huo wa gari, mweusi kwenye kichwa cha betri. Fyuzi zihesabu kwanza ujue ziko ngapi. Chomoa moja, tazama, irudishe, ndipo uende kwenye nyingine. Mzee Kamrudin akikupa maoni, mwitikie vizuri na uendelee. Haya nenda, wifi, biriani linapoa."